Bastei na vile vijitu vya Friedrich

Kama uko Dresden, Ujerumani, na una siku ya kuzurura, panda treni ya S1 inayoelekea Schöna ushuke Kurort Rathen, achana na mabasi ya watalii. Ukishuka tu unavuka mto Elbe kwa pantoni ambayo haitumii injini, imefungwa kwenye waya mrefu uliotiwa nanga huko juu mtoni, nahodha anailaza upande kidogo na maji yenyewe ndo yanaisukuma hadi ng'ambo, mi niliduwaa maana nimezoea ya Kigamboni na moshi wake.

Kilichonipeleka huko ni Caspar David Friedrich, mchoraji aliyezaliwa Greifswald 1774 akahamia Dresden 1798, hii milima aliizunguka kwa miguu na penseli yake mkononi. Hata kama jina hulijui ile picha utakuwa umeiona, jamaa kasimama juu ya jiwe katugeuzia mgongo, mbele yake ukungu mtupu.

Ngazi za kupanda Bastei, ile miamba mirefu iliyo juu ya mto, zinakata pumzi aisee. Juu kule mto unauona chini karibu mita 200, na kuna daraja la mawe limejaa watu wa selfi, ila hilo ni la 1851 na Friedrich alifariki 1840, hakulikuta. Nikakaa pembeni na kidaftari nikachora nguzo moja ya jiwe. Namaliza, naiangalia, yaani jiwe la kusugulia miguu kabisa! Nikaongeza kamstari kadogo juu yake, mtu, hata kichwa hakionekani, na palepale likawa mlima. Kumbe vile vijitu Friedrich anavyoweka kwenye picha zake ndo rula yake. Watu husema alitaka kumnyenyekeza binadamu, sawa, lakini mi naona bila huyo mtu hata ukubwa wenyewe usingeonekana.

Ukiendelea na treni hiyohiyo hadi Schöna kuna kilima kinaitwa Kaiserkrone, inasemekana jiwe la yule jamaa wa ukungu ni la hapo, Friedrich alilichora 1813 alipojificha kijiji jirani cha Krippen wakati wa vita vya Napoleon. Rangi kaja kuipaka kama miaka mitano baadaye ndani kwake Dresden, akachanganya na milima ya sehemu nyingine, kwa hiyo usipande ukitegemea kuikuta ile mandhari, haipo popote. Kilima chenyewe kifupi tu, unapanda fasta. Picha iko Hamburg, ila jumba la makumbusho la Albertinum hapo Dresden wana kazi zake kadhaa kama nauli imekata.