Mwisho wa Mei Katika Reli ya Iiyama

Wageni wengi tunaoishi Japani huujua mkoa wa Nagano wakati wa baridi tu, tunapokwenda kuteleza kwenye theluji na kurudi Tokyo bila kukiona kijiji hata kimoja. Mimi niliamua kwenda mwishoni mwa Mei, mpunga ukiwa ndiyo kwanza umepandikizwa, nikapanda treni ya reli ya Iiyama mjini Nagano ili niufuate mto Chikuma hadi Tokamachi.

Ni treni ya dizeli yenye mabehewa mawili, na dereva ndiye anayeendesha, anayetangaza vituo na anayesimamia nauli. Abiria wa vituo visivyo na wahudumu huchukua kikaratasi chenye namba anapopanda, na anapokaribia kushuka huitafuta namba hiyo kwenye ubao wa mbele, akaona kiasi anachodaiwa, kisha akatumbukiza sarafu zake sandukuni. Wenzangu asubuhi hiyo walikuwa wanafunzi waliosinzia na wazee wenye mikoba ya hospitali, na sidhani kama reli hii ingeendelea kuwapo lau si wao.

Katika kituo cha Morimiyanohara, mpakani mwa mkoa wa Niigata, pamesimamishwa nguzo inayoonyesha kina cha theluji iliyopimwa hapo tarehe 12 Februari 1945: mita 7.85. Nilisimama chini yake nikiwa na shati la mikono mifupi, nikainua shingo kuitafuta alama, na tangu hapo sikuweza tena kuitazama nchi ile kama nchi ya kiangazi. Mto wenyewe, ukishavuka mpaka, huitwa Shinano, nao ndio mrefu kuliko yote Japani, kilomita 367.

Tokamachi barabara zina madoa mekundu ya kutu. Katikati ya lami yamefukiwa mabomba yanayorusha maji ya ardhini ili kuyeyusha theluji, na chuma kilichomo katika maji hayo ndicho kinachoacha rangi hiyo mwaka mzima. Nyumba nyingi zimeinuliwa juu ya ghorofa ya zege, ambayo hutumika kuegesha gari, na mlango wa kuingilia uko juu yake, mtu akapandia ngazi. Hata tambi za soba za huko hushikanishwa kwa mwani uitwao funori, ambao wafumaji wa eneo hilo waliutumia kukazia nyuzi zao.

Nje kidogo ya mji nilimkuta bibi mmoja amezama matopeni hadi magotini, akipandikiza miche kwa mkono kwenye pembe za shamba ambazo mashine haikuweza kuzifikia. Aliniuliza natoka wapi, nami nikayasifu maji yake yalivyo safi.

"Ni theluji hiyo imeyeyuka," alisema. "Njoo Februari basi, mwanangu, utusaidie kuishusha kwenye paa."

Alicheka, ingawa kazi hiyo huua wazee kila mwaka kwa kuanguka.

Nilirudi kwa reli ya Hokuhoku, iliyofunguliwa mwaka 1997, ambayo ni ya kasi lakini sehemu kubwa imo ndani ya mahandaki, kisha nikaunganisha na Shinkansen, treni ya mwendo kasi, kituo cha Echigo-Yuzawa. Anayetaka kuifuata njia hii aitazame ratiba kabla ya kutoka nyumbani, kwa kuwa treni nyingi kutoka Nagano huishia Togari-Nozawaonsen, na zinazoendelea hadi mkoa wa Niigata ni chache mno.