Rangi Ilikuja Mwisho

Mwaka jana nilipaka rangi ukuta wa mbele wa nyumba ya mama. Kazi ya siku mbili. Nikapiga picha jioni jua likiwa limeinama, nikazituma kwenye kundi la familia, nikasifiwa mpaka nikaona haya. Miezi minne baadaye mama akapiga simu. Baada ya salamu zote na habari za watoto, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jambo dogo tu, "Halafu mwanangu, ukuta wako umeota malengelenge."

Ukuta wako! Ulipokuwa unang'aa ulikuwa ukuta wetu.

Nilikwenda kuuona. Kuanzia chini hadi usawa wa goti rangi ilikuwa imevimba na kupasuka, ukiigusa inabanduka vipande vipande, na nyuma yake kuna unga mweupe kama chumvi. Kumbe ni chumvi kweli. Maji yanayopenya ukutani huyeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo, saruji na matofali, yakifika usoni yanakauka, chumvi inabaki. Siku ile sikuyajua hayo. Nilichojua ni kwamba nimeuziwa rangi mbovu, na nilikuwa nimeshatunga maneno ya kwenda kumwambia aliyeniuzia.

Bahati nzuri kabla sijajiaibisha nikafanya jaribio moja lisilo na gharama. Kata kipande cha nailoni, kama sentimita 30 kwa 30, kibandike ukutani kwa utepe wa gundi pande zote nne bila kuacha upenyo, kiache siku moja au mbili. Ukikuta matone upande unaotazama ukuta, unyevu unatoka ndani ya ukuta wenyewe. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa hewani tu. Nailoni yangu ilikuwa na matone kwa ndani, tele, yamejipanga kama jasho juu ya mdomo. Rangi haikuwa na kosa lolote.

Basi mwaka huu, ndugu wanne tulipokubaliana kuchanga ili tuitengeneze nyumba na bustani yake, nilikuwa na msimamo kama wa mtu aliyeumwa na nyoka. Maji kwanza. Kaka mkubwa alitaka vigae vya baraza. Tulipiga hesabu: fedha iliyopatikana ingetosha vigae vya baraza peke yake, au ingetosha kila kitu kingine bila vigae. Kaka akaandika, "Kwa hiyo tunachanga ili tukachimbe mtaro?" Nikamjibu, "Ndiyo, kaka." Kundi likawa kimya siku mbili. Siku ya tatu akatuma mchango wake bila neno.

Mvua ilipoanza nilichukua mwavuli, daftari na kalamu, nikaizunguka nyumba huku inanyesha. Mama alikuwa dirishani akinitazama, na naamini alikuwa anawaza amwite nani. Lakini nyumba ina siri ambazo huzioni siku ya jua. Katika nusu saa ile nilipata makosa manne.

La kwanza lilikuwa gata la paa. Majani makavu yalikuwa yameliziba, na katikati lilikuwa limelegea, kwa hiyo maji badala ya kufika kwenye bomba la kushukia yalimwagika pale pale, juu ya msingi. Watu tunadharau maji ya paa. Fanya hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Upande ule wa paa una mita za mraba kama 40. Mvua ya milimita 10, ambayo wala si kubwa, inashusha lita 400. Zote hizo zilikuwa zinamwagwa sehemu moja, kila mvua, kwa miaka.

La pili lilikuwa bustani yenyewe, na hili liliniuma kwa sababu mhusika ni mimi. Nilipokuwa msichana nilimtengenezea mama tuta la maua chini ya dirisha. Kila mwaka likaongezwa udongo na samadi, likapanda, hadi likaupita msingi na kuegemea ukuta. Udongo uliolowa ukiegemea tofali juu ya msingi, tofali linanyonya maji kama utambi. La tatu, bomba la bustani lilikuwa linavuja tone kwa tone kwenye kona. La nne, uwanja wote wa mbele ulikuwa umeinamia nyumba. Si sana. Sana ya kutosha.

Baba, Mungu amrehemu, aliijenga nyumba hii kwa awamu: vyumba viwili, kisha sebule, kisha baraza alipopata nafasi. Kila awamu ilileta kifusi chake, na kila kifusi kilisambazwa pale pale uwanjani. Ndiyo maana ardhi ilipanda nyumba ikabaki. Stoo nilikuta pimamaji lake la mbao, kiputo bado kinacheza ndani ya kioo. Kwa umbali mrefu halifai, kwa hiyo tulitumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, tukaujaza maji. Mtu mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, maji yanasimama usawa mmoja pande zote mbili hata kama katikati kuna kilima. Mdogo wangu hakuamini hadi alipopima mara tatu.

Tulichofanya ni kazi ya beleshi na toroli tu. Tuta la maua tukaliondoa lote. Udongo ule mzuri tukaupeleka upande wa pili wa uwanja, mbali na ukuta. Ardhi tukaiteremsha kutoka kwenye msingi, tukilenga mteremko wa sentimita 15 katika mita 3 za kwanza, halafu tukachimba mtaro mdogo unaopeleka maji kwenye miti. Gata tukalisafisha na kulikaza lishuke sentimita 1 kwa kila mita 5. Bomba lilihitaji kiwambo kipya cha mpira, kitu cha ukubwa wa kifungo cha shati. Miaka mingapi kona ile imelowa kwa sababu ya kifungo!

Halafu tukafanya jambo gumu kuliko yote: tukangoja. Ukuta haukauki eti kwa sababu wewe umechoka kuusubiri. Nilikwangua rangi yote iliyovimba kwa mwiko mdogo, chumvi nikaifuta kwa brashi kavu. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ndani, utakutana nayo tena. Kisha wiki sita za kuangalia ukuta uchi wenye mabaka. Mama aliwaambia wageni kwamba nyumba "iko matibabuni."

Kwa ile sehemu ya chini nilichagua chokaa. Rangi ya mafuta ikipakwa juu ya ukuta wenye unyevu inaufungia unyevu ndani, nao utatafuta pa kutokea. Chokaa inauacha ukuta upumue. Inakuwa ngumu kwa kunyonya hewa ya kaboni dioksidi na kugeuka kuwa jiwe jembamba juu ya ukuta, na ndiyo maana haitaki haraka. Unalowesha ukuta kidogo, unapaka tabaka jepesi kama maziwa, unaacha hadi kesho, unarudia. Nilipaka matabaka manne. La kwanza halionyeshi kitu, utadhani umepaka maji, usikate tamaa ukaongeza unene, litapasuka. Vaa glavu na ufunike macho, chokaa inaunguza. Na haishiki juu ya rangi ya zamani, lazima ukuta uwe mtupu pale inapokwenda.

Sehemu ya juu ndipo nilipookoa fedha. Stoo kulikuwa na makopo saba ya rangi ya maji yaliyobaki kwenye kazi mbalimbali tangu enzi za baba. Mawili yalikuwa yamekauka, moja likanuka nilipolifungua nikalifunga upesi. Manne yaliyobaki, moja jeupe, moja la rangi ya mchanga, moja la kijivu na moja la kijani ambalo hakuna anayekumbuka lilinunuliwa kwa ajili ya nini, niliyachuja kwa soksi ndefu ya zamani nikayachanganya kwenye pipa moja. Rangi ya maji na rangi ya maji zinakubaliana. Ya maji na ya mafuta, usijaribu. Ikatoka rangi ambayo haina jina. Mwanangu anaiita rangi ya tembo. Mimi ninaipenda kuliko rangi yoyote niliyowahi kununua.

Kosa langu lilikuwa kwenye kipimo. Lita 1 inapaka mita za mraba kama 10 kwa tabaka moja, ukuta ukiwa laini. Wetu si laini, umekwaruzwa na miaka, unakunywa zaidi. Tabaka la pili likaniishia nikiwa nimebakiza kona nyuma ya tangi la maji, na mchanganyiko kama ule huwezi kuurudia. Kona ile ni nyeupe. Usipeleke macho huko.

Milango niliiogopa kidogo. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto. Marekani, kwa mfano, ilizipiga marufuku kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, lakini mlango haukuambii ulipakwa nini na lini. Kwa hiyo hatukupiga msasa mkavu wa kutimua vumbi. Tulilowesha, tukasugua polepole kwa msasa wa maji, tukafuta kwa vitambaa tukavitupa, watoto wakiwa hawapo siku hiyo. Mlango wa jikoni uliokuwa unaburura sakafu haukuhitaji hata fundi. Skrubu za bawaba zilikuwa zinazunguka bure kwenye matundu yaliyopanuka. Nilijaza matundu vijiti vya kiberiti vilivyopakwa gundi ya mbao, nikavikata usawa, vilipokauka nikafunga skrubu zile zile. Mlango ukainuka.

Ndani ya nyumba sina mengi. Tulitoa vitu vingi kuliko tulivyoingiza. Kabati lililoziba dirisha la sebule likahamia ukuta wa pili, na watu wanaoingia wanauliza kama tumeongeza taa.

Bustani ndiyo ilinipa raha, na karibu yote ni ya kuomba. Bogenvilia na mwasmini tulivipata kwa majirani. Unakata pingili ya urefu wa sentimita 15 hadi 20, chini kidogo ya kifundo, unaondoa majani ya chini, unachomeka kivulini kwenye mchanga uliochanganywa na mboji, unauweka na unyevu bila kuuzamisha. Nilichomeka pingili ishirini za bogenvilia zikashika kumi na moja. Mwasmini karibu zote. Shubiri hazikuhitaji hata kisu, mama yao alikuwa amezaa machipukizi hadi amebanwa, tukayagawa. Mama akatoa masufuria yaliyotoboka, yale aliyokatalia kuyatupa miaka yote huku sisi tukimcheka, na leo yamepangwa kwenye ngazi za baraza yakiwa na shubiri. Hajasema kitu. Anayapita tu akiwa ameinua kidevu.

Mboji ilinishinda mara ya kwanza. Nilirundika nyasi mbichi tupu, kwa wiki likawa rojo linalonuka kama kinamasi, jirani akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu kimekufa. Lilihitaji hewa na vikavu. Nikapindua rundo, nikaongeza majani makavu na maboksi yaliyochanwa, ndoo mbili hadi tatu za vikavu kwa ndoo moja ya vibichi. Harufu ikaisha baada ya siku chache, rundo likapata joto, ukitia mkono ndani unautoa haraka. Majani makavu yaliyobaki tuliyatandaza kwenye vitalu, unene wa sentimita 5 hivi, tukiyaweka mbali kidogo na mashina yasije yakaoza. Kumwagilia kumepungua sana.

Kuna kitu kimoja sikukitarajia. Matofali yaliyovunjika tuliyoyachimbua uwanjani, kifusi cha baba cha awamu zote, tuliyapanga kuwa njia kutoka getini hadi barazani, juu ya mchanga uliosawazishwa kwa pimamaji lake. Kaka mkubwa alikuja siku hiyo bila kuitwa. Akapiga magoti akapanga karibu njia nzima mwenyewe, akinikosoa kila tofali nililogusa. Vigae hakuvitaja.

Wiki iliyopita ilinyesha mvua kubwa ya kwanza. Nilikuwa pale. Tulitoka barazani sote, mama kajifunika khanga kichwani, tukatazama maji yakishuka kwenye gata, yakageuka kwenye bomba, yakaingia mtaroni na kuelekea kwenye miti kama yaliyotumwa. Chini ya dirisha pakavu. Nikataka kusema kitu, mama akaninyoshea kidole upande wa geti. Pale njia mpya inapoanzia palikuwa na dimbwi la ukubwa wa meza, na mjukuu wake ameshalirukia kwa miguu yote miwili. Nikaingia ndani kutafuta daftari.