Chumba cha futi 12 kwa 10: nilivyokitengeneza kifae kurekodia dramu

Wengi wetu tunaorekodi muziki Dar es Salaam tunaikwepa dramu ya kupigwa kwa mkono. Tunapanga midundo kwenye kompyuta, mteja anapokea kazi yake, basi. Lakini bendi za dansi na kwaya za makanisani bado zina wapigaji hodari, na inaniuma kuona kijana aliyesota na fimbo zake miaka mingi akifutwa kwenye wimbo wake mwenyewe, sauti za sampuli zikawekwa mahali pake, eti chumba hakifai. Mimi ninacho chumba kimoja cha uani, Tabata: futi 12 kwa 10, dari ipo futi 9, kuta za tofali za saruji zilizopigwa plasta, chini marumaru, juu jipsamu. Nilikusudia dramu zirekodiwe humo humo.

Kuna jambo wateja hulichanganya, na hata maprodyuza. Kuzuia sauti isitoke nje ni kazi moja, kukitibu chumba ili sauti ya ndani isikike safi ni kazi nyingine kabisa. Ya kwanza inadai uzito na kuziba kila upenyo: ukuta wa pili, mlango mzito, madirisha kujengewa. Ya pili inadai vitu vinene vyenye vinyweleo, ambamo hewa hupita kwa kusuguana na sauti ikachoka humo. Trei za mayai hazifai kwa kazi yoyote kati ya hizo mbili. Zinagusa kidogo sauti za juu, besi inapita kana kwamba hazipo. Kwa upande wa majirani sikujenga kitu. Nilikwenda kwa mzee wa nyumba ya pili, nikamwamkia, nikamweleza nia yangu, tukapatana saa: asubuhi kuanzia saa nne mpaka adhuhuri, kisha baada ya alasiri mpaka kabla ya magharibi. "Sawa mwanangu, ila ukipitiliza nitakuja mwenyewe," akasema. Mapatano hayo tunayashika mpaka leo.

Ndani ya chumba kitupu ukipiga kofi moja unasikia mtetemo mkavu, trrrr, sauti ikirushwa na kurudishwa kati ya kuta mbili zinazotazamana. Huo hautishi, unaondoka kirahisi. Kinachotisha ni besi. Kwa joto letu la Dar sauti inakwenda kama mita 348 kwa sekunde. Chukua mwendo huo ugawe kwa urefu wa chumba mara mbili, utapata sauti ya chini kabisa ambayo chumba kitaing'ang'ania. Upande wa futi 12 ulinipa hezi 48, yaani mitetemo 48 kwa sekunde, wa futi 10 hezi 57, na kutoka sakafuni hadi darini hezi 63. Hapo ndipo kiki yenyewe, ile dramu kubwa ya kupigwa kwa mguu, inapoishi. Kwa hiyo pigo moja la mguu linanguruma ukisimama konani, na ukisogea katikati ya chumba linakaribia kupotea.

Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita tatu na nusu hivi. Kitu kinyonyaji kilichobandikwa ukutani hufanya kazi vizuri zaidi unene wake ukikaribia robo ya wimbi, yaani sentimita 87. Hakuna atakayejaza chumba kidogo kiasi hicho, lakini hesabu hiyo inaonyesha kwa nini sponji ya sentimita tano iliyotandazwa kuta zote haisaidii dramu. Inameza matoazi, inameza mlio wa sneya, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, inaiacha besi ilivyo. Unabaki na chumba kilichokufa juu na kinachonguruma chini, na hicho ni kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu. Nikaamua: unene mwingi mahali pachache. Kona na dari kwanza, kuta baadaye.

Nikaja kwenye vifaa. Sufi ile ya kujazia magodoro inanyonya sauti vizuri, na makumbi ya nazi pia. Lakini sufi inashika moto upesi mno, nami nina nyaya na vifaa vya umeme kila upande. Sponji ya magodoro sikuifikiria hata kidogo. Tarehe 20 Februari 2003, katika ukumbi wa The Station, West Warwick, jimbo la Rhode Island, Marekani, cheche za fataki za jukwaani zilishika sponji iliyokuwa ukutani kwa ajili ya sauti, wakafa watu 100. Januari 2013 ikawa Santa Maria, Brazili, katika klabu ya Kiss: fataki tena, sponji ya darini, watu 242. Wengi waliuawa na moshi. Sisi tunarekodi kwenye vyumba vyenye mlango mmoja na dirisha la nondo. Naomba kila mwenye studio ya nyumbani alitafakari hilo kabla ya kubandika godoro ukutani.

Nikachukua rokwuli, pamba inayotengenezwa kwa mawe yaliyoyeyushwa. Haiwaki. Wanaoiuza kwa ajili ya mitambo na mabomba ya viwandani wanayo kwa mbao za sentimita 120 kwa 60, unene sentimita tano, na yangu ni ya uzito wa kilo 60 kwa mita ya ujazo. Inawasha ngozi, kwa hiyo vaa glovu, barakoa na shati la mikono mirefu, na ikishakatwa ifunikwe pande zote. Kitambaa cha kufunikia kipime kwa mdomo: kiweke usoni upulize, pumzi ikipita bila shida kinafaa. Kanga ya pamba inapita vizuri. Turubai na ngozi bandia hazipiti, zinairudisha sauti kabla haijafika kwenye pamba.

Fundi seremala alipoona fremu ninazotaka aliuliza, "Bosi, spika zenyewe zinakaa wapi humu?" Nikamwambia hakuna spika, na mgongo auache wazi. Akacheka, akafanya kazi nzuri sana. Kwenye kona tatu, kuanzia sakafuni hadi karibu na dari, tulisimamisha mbao za rokwuli mbili mbili, unene sentimita kumi, zimekaa mshazari. Nyuma yake, mpaka kwenye pembe yenyewe, panabaki nafasi ya sentimita 30. Nafasi hiyo ya hewa inaongeza nguvu kwenye besi bila kugharimu kitu, na hapa kwetu ina faida ya pili: wakati wa masika hewa inapita nyuma ya kitambaa, ukungu haupati pa kukaa.

Dari ndiyo iliyobadilisha kazi kuliko kitu kingine. Maiki za juu ya dramu nilitaka ziwe kama sentimita 70 chini ya dari. Sneya ikipigwa, sauti inafika kwenye maiki moja kwa moja, kisha inafika tena ikiwa imegonga dari, imechelewa kama milisekunde nne. Sauti hizo mbili zinauana kwenye hezi 124, tena 373, tena 621, na kuendelea. Hapo sneya inapoteza mwili wake, inabaki kelele ya bati. Kwa hiyo juu ya dramu tulining'iniza fremu ya sentimita 240 kwa 120, rokwuli tabaka mbili, ikiwa imeachana na dari kwa sentimita kumi. Rokwuli peke yake ni kama kilo 17, mbao hujaweka. Usiifunge kwenye jipsamu! Fundi alipanda juu akatafuta mbao za dari, kulabu zikaingia humo, minyororo ikashuka.

Kuta nilizifanya kwa kupokezana. Palipo na paneli upande huu, upande wa pili nimeacha plasta, hivyo hakuna sehemu mbili tupu zinazotazamana, na ule mtetemo wa kofi ukakatika bila chumba kuzimwa kabisa. Sakafu nimeiacha na marumaru yake, zulia lipo chini ya dramu tu ili zisiteleze. Ukutani nyuma ya maiki kuna rafu yenye vipande vya mbao vya vimo tofauti, inatawanya matoazi vizuri.

Ndipo tukapanga dramu. Kuna programu ya bure inayoitwa Room EQ Wizard: unaweka spika mahali pa kiki, inapiga sauti kutoka chini hadi juu, maiki inasikiliza, inakuchorea mabonde na vilima vya chumba. Niliitumia kutafuta mahali, kisha nikamwachia mpigaji mwenyewe aamue. Alikuwa akipiga kiki na tomu kubwa, ile dramu pana inayosimama sakafuni, tunasogeza seti nzima kiatu kwa kiatu kutoka katikati kuelekea ukuta mfupi, mpaka akasema, "Kaka, iache hapa. Sasa naisikia kwenye kiti." Mchoro ulikubaliana naye: bonde la hezi 48 lilikuwa limejaa kiasi cha kutosha. Ule mvumo wa hezi 48 bado upo, ila unakatika mapema, hauiingilii tena gitaa la besi.

Maiki natumia nne tu: kiki, sneya, na mbili za juu kwa utaratibu wa Glyn Johns, injinia wa Kiingereza. Moja inakaa juu ya sneya, ya pili kando ya tomu kubwa ikitazama sneya, na zote mbili umbali sawa kutoka katikati ya sneya. Napima kwa kamba: ncha moja naishika kwenye ngozi ya sneya, ya pili naipeleka kwenye kila maiki. Chumba kidogo kinapenda maiki chache, kwa sababu kila unayoifungua inakiingiza chumba mara nyingine.

Kiyoyozi na feni tunazima, tunapiga wimbo mzima, tunafungua mlango watu wapumue. Kona ya nne ndiyo hiyo yenye mlango, haikubali fremu ya kudumu. Fundi ananitengenezea moja yenye magurudumu, unene sentimita 20, tutaivuta mbele ya mlango tukianza kurekodi na kuisukuma kando tukimaliza, maana njia ya kutokea lazima ibaki wazi.