Kipya nani akikatae

Kobe karudi. Yaani, kimerudi kitu.

Tangu Jumanne niko na jambo hili, na si jambo la kumkosesha mtu mzima usingizi. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: tumemwoza binti wa dada kule Pongwe, kodi ya kibanda imepanda, kijana wangu wa kazi kapata leseni ya udereva. Lakini nikizima taa ninachosikia ni sauti yangu mwenyewe, nyepesi, yenye haraka, ikisema maneno matatu ya kipuuzi.

Mnaofuatilia hapa mnamjua Kobe. Plaizi ya kukunja ya marehemu baba mdogo. Ndani ya mishikio yake mna kisu, tupa, msumeno mfupi, bisibisi mbili na kifungua chupa. Ukiikunja kila kitu kinaingia ndani ya gamba, ndiyo maana ya jina. Mwezi wa pili, nikiwa juu ya paa nakaza nati ya bomba la shaba la AC, ncha ya taya moja ikakatika. Tak! Ikarukia kwenye mfereji wa maji, hata kuiokota sikuweza.

Shemeji yangu wa Houston alipokuja kula Idi akakigeuza geuza, akasoma maandishi ya ubavuni, akasema hawa watu wana waranti ya maisha. Nikamuuliza, maisha ya nani? Ya chombo au ya mwenye chombo? Maana mwenye chombo tumemzika 2016. Akacheka, akasema twende tukaone. Siku ya safari nikamsisitiza mara tatu akiweke kwenye begi kubwa, kwa sababu kisu hakipandi ndege mkononi, hata kiwe cha kumenyea chungwa. Akanijibu kwamba anasafiri kuliko mimi. Kweli.

Sasa maongezi yenyewe. Mwezi wa tano, saa tisa alasiri, niko juu ya paa jingine, mtungi wa gesi mkononi, simu nimeibana kwa bega.

"Shemeji, najaza fomu yao hapa. Wanauliza kilivunjikaje."

"Waambie nilikuwa nakaza nati."

"Niandike hivyo hivyo? Hawatasema umekitumia vibaya?"

"Andika. Plaizi isipokaza nati itakaza nini?"

Kimya. Nikamsikia anabonyeza bonyeza.

"Haya. Na hapa wanasema kisipotengenezeka watakupa kipya, cha zamani wanabaki nacho wao. Tukubali?"

"Kipya nani akikatae?"

"Una uhakika?"

"Shemeji, niko juu ya paa."

Basi. Hayo tu. Nimeyarudia hadi nimejua mahali alipovuta pumzi. Usiku wa Jumanne nilimlaumu yeye: mbona aliuliza kama anayeuliza chai iwe na sukari? Usiku wa Jumatano nikaulaumu mtungi. Alhamisi nikailaumu fomu, kwamba wamepata nafasi ya kuuliza rangi, namba na mwaka wa kununua, wakakosa nafasi ya kuuliza kama ni cha marehemu. Lakini aliniuliza. "Una uhakika?" Aliniuliza kwa Kiswahili, polepole, na mimi nikamtajia paa.

Miezi ya kusubiri nilisoma habari za Mmarekani aliyeupa umaarufu mtindo huu wa plaizi yenye tumbo, Tim Leatherman. Mwaka 1975 yeye na mkewe walizunguka Ulaya na Fiat 600 iliyochoka, mfukoni ana kisu tu, na kila gari likigoma anatamani plaizi. Akarudi kwao Oregon akaanza kuchonga. Ya kwanza ikaja kuuzwa 1983. Miaka 8 ya kukataliwa na kurudi mezani! Kobe si wa kiwanda chake, ni wa wengine waliofuata nyayo, ila habari ile niliipenda kwa ajili ya ile Fiat. Baba mdogo alikuwa na Peugeot 404 ya tabia hizo hizo. Kutoka Tanga mjini hadi Muheza ni mwendo mfupi, lakini yeye alikuwa akiaga kama mtu anayekwenda Hija.

Jumanne mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar, nikaupokea stendi ya Kange. Sikungoja kufika nyumbani. Nikaufungua pale pale kwenye benchi la wakatisha tiketi. Mfuko mweusi, karatasi ya Kiingereza chenye adabu nyingi, na plaizi mpya inayong'aa mpaka mpiga debe mmoja akauliza bei. Karatasi inasema vipuri vya toleo lile havitengenezwi tena, kwa hiyo wametuma hili, na wanashukuru kwa kuwaamini. Nikaishika. Mbavu zake kali. Kisu hakitoki mpaka utumie ukucha. Kobe ukimtikisa tu kilikuwa kinachungulia.

Kidole gumba kikaenda chenyewe kutafuta nanga.

Hiyo nanga sijawahi kuiandika hapa. Kwenye mshikio wa kushoto, karibu na bawaba, palikuwa na kijinanga kilichochorwa kwa msumari, kimepinda kidogo, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Baba mdogo alifanya kazi bandarini ujana wake wote. Nikiwaza hitilafu ya friji nilikuwa naikuna ile nanga kwa kidole, na mara nyingi jibu lilikuja nikiwa hapo. Leo ile nanga imo kwenye pipa la vyuma Marekani, na aliyekubali ibaki huko nimo humu naandika.

Kijana wangu akasema, "Fundi, hawa wazungu wana haki. Bure kabisa!" Nikamwambia ashike mtungi, tunachelewa. Baadaye niliona aibu, maana kasema kweli. Nani mwingine amewahi kunipa kitu kipya kwa sababu cha zamani kimevunjika mikononi mwangu?

Ijumaa baada ya sala nikajikaza, nikaenda Makorora kwa mama mdogo. Nilikuwa nimemkwepa siku tatu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Mbona uso huo, harusi haikwenda vizuri?"

Nikaiweka ile plaizi kwenye mkeka, nikaeleza yote: taya, Houston, fomu, paa. Hakusema kitu. Akaichukua, akahangaika nayo, akatoa kifungua chupa. "Hiki ndicho alichokijua. Vingine vyote sikuwahi kumwona akivigusa."

Nikamwambia kinachoniuma ni ile nanga aliyoichora.

"Aliyeichora nani?"

"Baba."

Akanitazama. "Baba yako mdogo? Yule hata yai asingeweza kulichora. Alikinunua nayo. Baharia mmoja wa meli iliyokuja kupakia mkonge aliishiwa pesa ya pombe, akamuuzia kwa bei ya kutupa. Na kila siku alikuwa akilalamika kimechakaa, akipata hela atanunua kingine."

Nilicheka mpaka chai ikamwagikia kanzu. Miaka yote hii nashauriana na nanga ya mlevi nisiyemjua! Huenda hata yeye aliinunua nayo. Mama mdogo naye akacheka, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, na machozi mengine sidhani yalikuwa ya kicheko, sikuuliza.

Akaniletea sufuria yake yenye mshikio unaocheza. Nikatoa bisibisi ya ile mpya, ngumu, ikanikata ukucha, nikakaza skrubu mbili. Ya pili iliteleza ikapiga kwenye chuma, ikabaki na mkwaruzo mdogo nchani. Akaniuliza kama itakuwa imeharibika. Nikamwambia hapana, ndiyo inaanza.

Jana usiku nililala vizuri, karibu.

Kinachonikera sasa ni friza ya yule mama muuza samaki wa Deep Sea. Jumatatu nimeijaza gesi, Alhamisi imeshuka. Nimepaka povu la sabuni kila kiungo, hakuna kinachotoa kiputo hata kimoja. Kama inavujia ndani ya ukuta wa friza, kule kwenye mabomba yaliyozikwa ndani ya povu gumu la kuzuia joto, itabidi nikate, na nikikata huenda isipone. Kesho alfajiri boti zinaingia. Gesi ameshanilipa mara mbili, na mara ya pili alizihesabu noti taratibu sana.