Kiwango cha testosteroni hakisomwi peke yake

Hunisikitisha kuona mwanaume anayetafuta mtoto amepimwa homoni moja tu, yaani testosteroni, homoni kuu ya kiume, tena kwa damu iliyotolewa alasiri, kisha kwa tarakimu hiyo moja akaambiwa kwamba ana upungufu. Testosteroni huwa juu asubuhi na kushuka kadiri siku inavyosonga, hasa kwa vijana, na chakula nacho huishusha kwa muda. Ndiyo maana damu hutolewa kabla ya saa nne asubuhi, mtu akiwa hajala, na jibu la chini hurudiwa siku nyingine kabla ya kuaminiwa. Anayeugua homa kali na apone kwanza.

Hata likiwa sahihi, jibu hilo halisemi kasoro iko wapi. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili: LH, inayozichochea korodani kutengeneza testosteroni, na FSH, inayosaidia uzalishaji wa mbegu. Korodani zikishindwa kazi, pituitari huongeza homoni zake. Kwa hiyo testosteroni ya chini pamoja na LH na FSH za juu huelekeza kwenye korodani zenyewe, iwe zilishambuliwa na matumbwitumbwi, ziliathiriwa na dawa za saratani, au mtu alizaliwa na kromosomu X ya ziada, yaani hali ya Klinefelter. LH na FSH zikiwa chini, au hata zikionekana za kawaida ilhali testosteroni imeshuka, chanzo hutafutwa juu, kwenye pituitari au ubongo, na hapo prolaktini, homoni nyingine ya pituitari, isisahauliwe, kwani uvimbe wa pituitari unaoitoa kwa wingi mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila upasuaji.

Kuna pia mwanaume ambaye shahawa zake hazina mbegu hata moja, lakini homoni zote ni za kawaida na korodani zina ukubwa wake; huyo huenda mirija yake ya kupitishia mbegu imeziba.

Ninachokihofia zaidi ni sindano ya testosteroni inayotolewa haraka. Homoni hiyo ya nje huifanya pituitari inyamaze, LH na FSH hushuka, na mbegu zinaweza kutoweka kabisa, kisha kurejea kwake kukachukua miezi mingi. Anayetaka mtoto aulize LH na FSH zake zikoje kabla ya kuikubali, kwa sababu kasoro ikiwa ya pituitari, zipo sindano nyingine zinazozichochea korodani zitengeneze testosteroni na mbegu zenyewe.