Anasoma au amekariri?

Mnaofundisha darasa la pili mtanielewa, watoto wakisoma kwa pamoja darasa zima linanguruma utadhani wote mafundi, ila muite mmoja mmoja mezani ndo utajua. Mi natumia ule mtindo wa Uwezo, wale walioanza 2009 kupima kama watoto wanajua kusoma Kenya, Tanzania na Uganda, unaanza na silabi, halafu maneno, aya, mwisho hadithi fupi yenye maswali, hatua ya mwisho aliyoiweza kabla ya kukwama ndo levo yake, basi. Saa siiweki mezani kabisa, mtoto akijua anahesabiwa sekunde anabuni maneno hata ambayo hayapo.

Na kitabu cha darasani usitumie jamani! Kuna dogo kanisomea ukurasa mzima bila kosa kumbe macho yako dirishani. Nikamwandikia sentensi mpya kwenye karatasi, "mbwa anakunywa maziwa ya ng'ombe", akaganda. Ba be bi bo bu anazijua vizuri tu, shida ni herufi zikiungana, mbw, nyw, ng'. Sasa huyo ukimwandika "hajui kusoma" si unamwonea? Mpe hizo silabi ngumu kila siku kidogo kidogo, tena asubuhi kabla njaa haijaanza kuuma.