Siku moja maishani mwangu: mtunza njia ya miguu ya pwani

Saa 11:30 alfajiri. Ninaegesha baiskeli yangu juu, kando ya barabara ya magari, kisha ninateremka kwa miguu hadi kwenye kibanda cha vifaa. Kazi yangu ni kutunza njia ya miguu inayoambaa pwani. Kwa kuwa wapitao huniona na ufagio mkononi, wengi hudhani kwamba kazi yote ni kufagia, ilhali kufagia ni sehemu tu: kuna mitaro ya kuzibua kabla maji ya mvua hayajaula ukingo, kuna vichaka vya kupunguza visije vikamchoma mtu usoni, kuna vyuma vya ngazi vinavyoliwa na chumvi, na kuna nyufa za gema ambazo mtu asiyezipitia kila siku hawezi kujua ipi ni ya zamani na ipi imefunguka jana. Ninaieleza siku hii kwa sababu mamlaka inayosimamia ufuo imetangaza kwamba njia itageuzwa kuwa ya pamoja, watembeao na waendesha baiskeli wakitumia ukanda mmoja, nami naupinga mpango huo. Katika kurasa zote za mpango nilizozisoma hakuna hata mstari mmoja unaozungumzia mchanga.

Saa 12 asubuhi. Mchanga ndio ninaoanza nao. Upepo wa usiku huukausha na kuusukuma juu ya njia, na siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, mawimbi huongeza mwani na kokoto. Kwa mguu wa binadamu, mchanga mkavu wenye unene wa kucha si kitu. Mtu hupita na safari ikaendelea. Kwa gurudumu linalokata kona, unene huohuo unatosha kulitelezesha gurudumu la mbele na kumlaza mwendeshaji chini, jambo ambalo sisi tunaoendesha tunalijua vizuri. Kwa hiyo leo naweza kuacha tabaka jembamba palipo tambarare na kuziweka nguvu zangu kwenye ngazi na miteremko, ambako hata mtembezi huteleza. Njia ikiwa ya magurudumu, hakutakuwa na tabaka la kuachwa popote, na upepo wa bahari unaovuma mchana, nchi kavu inapopata joto upesi kuliko maji, hautasubiri zamu ya kesho. Niliuliza wataongezwa watu wangapi wa kufagia. Nilijibiwa kwamba suala hilo litaangaliwa katika hatua ya uendeshaji.

Saa 1 hadi saa 3. Mapipa, mitaro, milango ya vyoo, ubao mmoja wa daraja dogo uliooza. Wapitao wa saa hizi ni walewale: wazee wanaotembea wawili wawili wakizungumza, mama na mtoto anayejifunza kutembea, na mzee mmoja asiyeona, ambaye huitelezesha fimbo yake nyeupe kwenye ukingo wa zege kwa sababu ukingo ule ndio unaomwelekeza. Hakuna hata mmoja wao anayegeuza shingo kutazama nyuma kabla ya kunisalimu au kabla ya kusogea upande. Watu haohao nikiwaona juu barabarani, hutembea mabega yakiwa yamekaza.

Saa 3:30. Hapa ndipo siku ilipoharibika. Nilikuwa ndani ya mtaro alipofika bwana mmoja mwenye kizibao cha kung'aa, pamoja na vijana wawili wa kumshikia futi ya kupimia. Hakusalimu. Aliniomba niondoe toroli langu kwa sababu linaingia kwenye picha, nikaliondoa. Wakapima pale kwenye mabenchi, ambapo njia imepanuliwa ili watu wakae watazame bahari, na kijana mmoja akaandika mita 4. Nikamwambia kwa adabu kwamba hapo ni mahali pa kupumzikia, na kwamba wakisogea mbele kidogo watafika kwenye mwamba uliotokeza, ambapo watu wawili hupishana kwa kugeuka ubavu. "Hapo tunapajua, mzee," akasema. "Tutaweka kibao cha kuwataka washuke na kukokota baiskeli." Nikamuuliza ni nani atakayesimama pale kuhakikisha kwamba wanashuka. Akanitazama mimi, kisha akautazama ufagio wangu, na nikaelewa kwamba kwa maoni yake jibu lilikuwa limeshapatikana.

Basi nikatoka mtaroni. Mtu hutembea kwa takribani kilomita 5 kwa saa. Baiskeli ya umeme, kwa kanuni za Umoja wa Ulaya na za Uingereza, huruhusiwa kusukumwa na mota yake hadi kilomita 25 kwa saa, ambayo ni karibu mita 7 kila sekunde. Kwenye kona ya mwamba ule macho hayafiki zaidi ya mita 10 mbele. Mwendeshaji makini kabisa, anayehitaji sekunde moja tu kumtambua mtu na kukamata breki, atakuwa amemaliza mita 7 kabla breki hazijaanza kufanya kazi, na mita 3 zinazobaki zina mchanga. Tena madhara ya kugongwa hayapandi sambamba na mwendo: kwa uzito uleule, mwendo ukizidi mara 5, nishati huzidi mara 25. Nilimweleza haya yote nikiwa nimeshika koleo, tope likinikauka miguuni, na yeye akiendelea kuandika. Akasema watu watazoea, na kwamba njia za pamoja zinajengwa kila mahali duniani.

Kwa kuwa alitaja dunia, nilimjibu kwa dunia. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wa mwaka 2020 kuhusu miundombinu ya baiskeli unasema wazi kwamba baiskeli ihesabiwe kuwa chombo cha usafiri na si mtembea kwa miguu, na kwamba katika barabara za mijini waendesha baiskeli watenganishwe na watembeao kwa kizuizi halisi. Huo ni mwongozo ulioandikwa kwa nia ya kuziendeleza baiskeli, na walioutunga hawakuwa maadui zake. Katika nchi hiyohiyo, sheria ya mwaka 1968 iliyowaruhusu waendesha baiskeli kutumia njia za farasi iliwataka wawapishe watembeao na wapanda farasi, na haikuwafungulia njia za miguu. "Hapa si Uingereza," akasema bwana mpimaji. Nikamkumbusha kwamba ni yeye aliyesema kila mahali.

Ndipo akakunjua mchoro. Ulikuwa na mstari mweupe katikati ya njia, baiskeli upande mmoja, watu upande mwingine, na mtoto mwenye puto. Nikamwomba atazame chini. Alikuwa amesimama juu ya mstari wa manjano uliopakwa kwenye ukingo wa kipandio cha ngazi ili wenye uoni hafifu wakione, na hakuwa ameuona, kwa maana upepo ulikuwa umeshaufunika tangu nilipoufagia asubuhi. Niliinama nikasugua kwa kiganja, rangi ikatokea, imepauka na kubanduka kwa chumvi. Ikiwa mstari wa manjano hauonekani kwa mtu mwenye macho mazima aliyesimama juu yake, ule mweupe utamgawanya nani na nani? Vivyo hivyo vigae vya matuta, ambavyo mtu asiyeona huvisoma kwa nyayo: mchanga huijaza mianya yake na kigae kikabaki tambarare. Kijana mmoja alicheka kidogo. Mkubwa wake akaniomba nisiendelee kufagia hadi wamalize picha, kwani vumbi linachafua lenzi, na picha hizo zikachukua muda mrefu kuliko vipimo vyenyewe. Kwenye mwamba hawakufika. Walisema maji yanajaa. Ni kweli yalikuwa yanajaa, na mtaro wangu ulikuwa bado umeziba.

Mchana, jua likiwa utosini, nilimaliza mtaro kwa kuharakisha, na mgongo ukaanza kunidai. Upepo wa bahari ulikuwa umeshakuja, na upepo huo una tabia ambayo watu wa ofisini hawaijui: huichukua sauti ya kengele na kuipeleka nchi kavu, huku mawimbi yakifunika kinachobaki. Akaja kijana mmoja kwa baiskeli, kinyume cha utaratibu wa sasa, ila mstaarabu kweli. Alipunguza mwendo. Alipiga kengele mapema. Alisema samahani. Wanawake wawili waliokuwa mbele yake waliruka, mmoja huku na mwingine kule, na kijana ikabidi apite katikati yao. Mbele kidogo alikuwa yule mzee wa fimbo nyeupe, ambaye aliisikia kengele lakini hakuweza kujua inakuja upande gani. Akasimama, akainua fimbo kutoka kwenye ukingo, akaikumbatia kifuani hadi baiskeli ilipopita. Nilipomfikia alikuwa amegeuka kidogo, na hakujua tena bahari iko wapi. "Ukingo uko kushoto kwako, mzee wangu, hatua moja." Akaugusa kwa fimbo, akashukuru, akasema: "Mwambie kengele hainiambii kitu. Aseme anapita upande gani."

Hakuna aliyeumia. Hakuna tukio litakaloandikwa katika daftari lolote, na kijana yule hakufanya kosa ambalo kibao kingeweza kulizuia. Nimeshasikia hoja kwamba ajali kwenye njia za pamoja ni chache, na sina sababu ya kubishana nayo. Ila daftari la ajali haliwaandiki walioacha kuja, na njia iliyokimbiwa na wazee, wasioona, viziwi na akina mama wenye watoto wadogo lazima itaonekana salama sana.

Alasiri ilikuwa ya majani. Sikumbuki nilianza saa ngapi, nakumbuka tu kwamba mikono ilikuwa inatetemeka. Mpango unasema njia itapanuliwa kuelekea kwenye tuta la mchanga, na majani niliyokuwa nayapunguza pembeni ndiyo yatakayong'olewa. Mizizi yake ndiyo inayolishika tuta. Yakiondoka, mchanga utakaohamia njiani utakuwa mwingi kuliko wa leo, na zege pana zaidi litamwaga maji mengi zaidi kwenye ukingo uleule wenye nyufa. Upande wa pili wa njia ni gema. Huko hakuna pa kupanua. Njia nyingi za pwani zina umbo hili kwa sababu zilizaliwa na miguu. Ile ya kusini magharibi mwa Uingereza, yenye urefu wa takribani kilomita 1,014, ilitokana na walinzi wa pwani waliokuwa wakitembea ghuba hadi ghuba kuwatafuta wasafirishaji wa magendo, na kwa kuwa walilazimika kuchungulia kila ghuba, njia yao ilishikamana na ukingo pamoja na kona na miinuko yake yote. Kuinyoosha njia ya namna hiyo ili ifae mwendo wa magurudumu ni kujenga njia nyingine juu yake.

Jioni, kabla ya kufunga kibanda, nilijaza fomu ya maoni. Swali la kwanza linauliza kama ninaunga mkono usafiri salama na unaotunza mazingira. La pili linauliza ningependa njia ya pamoja ipakwe rangi gani. Kisanduku cha kuukataa mpango hakimo, kwa hiyo niliandika pembeni, kwa herufi ndogo ili nafasi itoshe: napinga. Baiskeli zipewe ukanda wao wenyewe barabarani juu, uliotengwa kwa ukingo wa zege, kwa kuondoa safu moja ya magari yanayoegeshwa. Huko nitakuwa wa kwanza kuutumia. Njia ya chini ibaki ya miguu, viti vya magurudumu na vigari vya watoto. Na ikiwa mamlaka bado haijaridhika, basi vipimo virudiwe kwenye mwamba, upepo wa mchana ukiwa umeshavuma, na mimi nikiwa sijafagia.

Mkutano wa hadhara umepangwa Alhamisi saa 4 asubuhi, wakati ambao watunzaji wote wa ufuo tuko zamuni. Nimeandika barua ya kuomba ruhusa. Msimamizi wangu amesema atanijibu.